Uzi: Kuzungusha rangi kwenye video bila mwanga kuyumba

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Maswali yamekuwa mengi kuhusu ile efekti ya rangi inayobadilika yenyewe: maandishi yanaanza mekundu, yanapita njano, kijani, buluu, zambarau, kisha yanarudi yalikoanzia. Wengi wanaoijaribu wanapata kitu kinachochosha macho, halafu lawama zinaenda kwa programu. Programu karibu zote za kuhariri video zinaiweza kazi hii. Kinachoharibu ni mambo mawili yanayorukwa kwenye mafunzo mengi: mwanga unaoruka pamoja na rangi, na tabia ya kuzungusha gurudumu zima mahali ambapo kipande kidogo tu kingetosha.

Tuanze na gurudumu lenyewe. Ukishika kitelezi kilichoandikwa Hue, umeshika pembe. Nyekundu iko 0°, njano 60°, kijani 120°, samawati 180°, buluu 240°, ile zambarau inayoelekea pinki iko 300°, na ukifika 360° umerudi kwenye nyekundu. Mpangilio huu wa kuipa kila rangi pembe yake, pamoja na ukolezi na mwangaza, ulichapishwa na Alvy Ray Smith mwaka 1978 kwa ajili ya michoro ya kompyuta, na vitelezi vingi tunavyovitumia leo vimetokana na wazo hilo.

Kwa hiyo kuihuisha rangi ni jambo la dakika moja. Weka kifremu, ile alama ya almasi kwenye mstari wa muda, mwanzoni pembe ikiwa 0°. Weka kingine mwishoni, pembe ikiwa 360°. Imekwisha. Kwenye After Effects pembe inaandikwa kwa mizunguko, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili unauandika 1x+0°. Kwenye DaVinci Resolve, kitelezi cha Hue kilichoko chini ya magurudumu ya rangi hakitumii nyuzi. Kinakwenda 0 hadi 100, na rangi halisi ya picha iko kwenye 50. Kwenye Blender, nodi ya Hue Saturation Value inatumia 0 hadi 1, na katikati yake, 0.5, ndipo picha haijaguswa. Namba zinatofautiana, gurudumu ni lile lile.

Sasa tuje panapouma.

Jicho letu haliuoni mwanga wa rangi zote kwa usawa. Katika kiwango cha Rec. 709 kinachotumika kwenye video za HD, mwangaza wa picha unakokotolewa kwa uzito huu: nyekundu 0.2126, kijani 0.7152, buluu 0.0722. Jumlisha mwenyewe uone. Njano kali ni nyekundu na kijani kwa pamoja, inapata karibu 0.93. Buluu kali inapata 0.07 tu. Maana yake, maandishi yako yakitoka njano kwenda buluu, mwanga wake unashuka karibu mara 13 wakati wewe ulidhani umebadilisha rangi peke yake. Mzunguko ukiwa wa sekunde mbili, mtazamaji hasemi "rangi zinabadilika". Anaona taa inayowaka na kufifia. Hicho ndicho kinachoifanya kazi ionekane ya haraka haraka hata kama umeitolea jasho.

Dawa ziko kadhaa, lakini kwanza ujue kifaa ulichokishika kinazungusha vipi. Viko vya aina mbili.

Aina ya kwanza inazungusha ndani ya mfumo wa HSL au HSV, yaani ule mpangilio wa pembe, ukolezi na mwangaza. Hapa buluu kali inageuka kuwa njano kali kweli kweli, na mwanga unaruka kama nilivyoeleza. Efekti ya Color Balance HLS kwenye After Effects ni ya kundi hili.

Aina ya pili inauacha mwangaza ulivyo na kuzungusha sehemu ya rangi peke yake. Filta ya hue kwenye FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za maandishi, inafanya hivyo. Hapa mwanga hauruki, ila matokeo yana sura nyingine: buluu iliyokolea ikizungushwa nusu mduara haitoki njano ya kuwaka, inatoka njano nzito, karibu na kahawia, kwa sababu mwangaza wake umebaki mdogo vile vile. Kwa picha ya watu, mazingira au moshi, mimi nachagua aina hii bila kusita. Kwa nembo na maandishi ambako unataka kila rangi iwake, aina ya kwanza ina nafasi yake, mradi uusimamie mwanga kwa mkono: rangi inapopita njano na samawati punguza mwangaza, inapopita buluu ongeza. Vifremu vinne au vitano vya mwangaza vinatosha.

Jambo la pili ni upana wa safari. Jaribu kuzungusha 60° tu badala ya 360°. Kutoka samawati hadi buluu na kurudi. Au kutoka zambarau hadi nyekundu. Video inapumua, ina hisia moja, na mtazamaji anabaki anasoma ulichoandika. Upinde mzima wa mvua una pahali pake, lakini ni pachache kuliko tunavyoupachika.

Wanaotumia After Effects, hii ekspresheni (fomula fupi inayoendesha kitelezi) iwekeni kwenye Hue ya Color Balance HLS:

25*Math.sin(time*Math.PI/4)

Inayumba 25° kila upande na kurudi kila baada ya sekunde 8. Badilisheni 25 kwa upana mnaoutaka.

Karibuni kwa maswali.

#2

Uzi umeshiba mkuu, asante sana. Naomba msaada. Nina maandishi meupe juu ya video. Nimeweka efekti, nimeweka vifremu 0° na 360°, nacheza video hakuna kinachobadilika kabisa. Picha ya nyuma inabadilika vizuri nikiiwekea efekti hiyo hiyo. Programu imegoma au?

#3 Mleta uzi

Programu iko sawa mkuu. Nyeupe, nyeusi na kijivu havina pembe kwenye gurudumu. Vinakaa katikati kabisa, kwenye kitovu, na kitovu hata ukizungushe namna gani hakihami. Ukitaka kuliona hili kwa macho, fungua vektaskopu, ile chati ya duara inayoonyesha rangi za picha: picha yenye rangi inaonekana kama wingu linalozunguka unapovuta kitelezi, maandishi meupe yanaonekana kama kinukta katikati ambacho hakisogei.

Inabidi uyape rangi kwanza. Njia fupi ni kuyaandika kwa rangi iliyokolea tangu mwanzo, nyekundu kwa mfano, ndipo uweke efekti ya kuzungusha juu yake. Kama maandishi ni picha iliyokuja tayari ikiwa nyeupe, weka leya ya rangi moja juu yake, ibane ifuate umbo la maandishi, na uchague modi ya kuchanganya ya Multiply. Nyeupe ikizidishwa na nyekundu inatoa nyekundu. Kisha uhuishe ile leya ya rangi. Usitumie modi ya Color hapo, kwa sababu inachukua mwangaza wa kilichoko chini, na mwangaza wa nyeupe safi unabaki nyeupe. Kwa umbo jeusi geuza mambo: tumia Screen.

#4

Mimi shida yangu ni lupu. Natengeneza mandhari ya sekunde 10 ili ijirudie bila mwisho. Kila inapofika mwisho na kuanza tena kuna kitu kama kigugumizi. Kidogo tu, lakini ukishakiona huwezi kuacha kukiona.

#5

Naomba nimjibu mdau wa #4, hili nalifanya kila siku kwa skrini za jukwaani.

Angalia hesabu yako. Sekunde 10 kwa fremu 25 kwa sekunde ni fremu 250, na zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 249. Umeweka 0° kwenye fremu 0 na 360° kwenye fremu 249, sivyo? Sasa 0° na 360° ni rangi moja. Video ikifika 249 inaonyesha nyekundu, ikirudi 0 inaonyesha nyekundu ile ile. Fremu mbili zinazofanana zimefuatana, mwendo umesimama kwa fremu moja. Hicho ndicho kigugumizi.

Kifremu cha 360° kiweke kwenye fremu 250, yaani fremu moja nje ya mwisho wa video. Hapo kila fremu inasogea 1.44°, na fremu ya 249 inaishia 358.56°. Inayofuata ni 0°, hatua ile ile, hakuna anayejua mwanzo uko wapi.

La pili, hakikisha mwendo kati ya vifremu ni wa mstari ulionyooka. Programu nyingine zinaweka mwendo wa kuanza taratibu na kumaliza taratibu bila kukuuliza. Kwa kitu kinachoruka kutoka pembeni hiyo ni nzuri. Kwa rangi inayozunguka kwenye lupu inaifanya ipunguze mwendo kila inapofika nyekundu.

#6 Mleta uzi

Jibu la #5 limekamilika. Naongeza tu kwamba kwenye After Effects unaweza kuviacha vifremu kabisa ukaandika time*36. Hiyo ni 36° kwa sekunde, mduara mzima kwa sekunde 10, na kama urefu wa kazi yako ni sekunde 10 kamili lupu inafunga yenyewe. Kwenye Blender andika #(frame%250)/250 ndani ya kisanduku cha Hue, itatengeneza yenyewe kiendeshi (driver), yaani fomula inayoiongoza namba hiyo.

#7

Wakuu, sisi wa simu je? Programu ninayotumia ina vifremu vya kusogeza na kukuza tu. Rangi haikubali kifremu.

#8 Mleta uzi

Kama inakubali kifremu cha kusogeza, unacho cha kutosha. Na njia hii ina uzuri wake, hata wa kompyuta waisome.

Tengeneza picha ndefu ya mlalo yenye rangi zinazoingiliana taratibu, kwa mfano samawati, buluu, zambarau, kisha irudi samawati. Upana wake uwe sawa na upana wa video, tuseme pikseli 1920. Nakili picha hiyo uiunge mara mbili ubavu kwa ubavu, upate pikseli 3840. Iweke juu ya maandishi meupe yaliyo kwenye mandhari nyeusi, modi iwe Multiply. Mwanzoni ikae ukingo wake wa kushoto ukiwa umelingana na ukingo wa kushoto wa skrini. Mwishoni isogee kushoto pikseli 1920 kamili. Kwa kuwa nusu mbili zinafanana, mwisho unalingana na mwanzo, lupu imefungwa.

Utakachopata kinazidi kubadilisha rangi ya neno zima kwa mkupuo. Rangi inapita ndani ya maandishi kama wimbi, herufi za kulia zinabadilika kabla ya za kushoto. Ukiilaza picha kwa pembe kidogo, tuseme 20°, wimbi linapita mshazari na linapendeza zaidi, ila hapo ikuze kidogo ili pembe zake zisiingie ndani ya skrini, na umbali wa kusogeza ufuate ule ulalo na ule ukuzaji.

Mandhari yasiwe video, yawe meusi kwanza. Ukishamaliza toa faili, kisha iweke juu ya video yako kwa modi ya Screen. Nyeusi itapotea, maandishi yatabaki.

#9

Swali langu liko tofauti. Kuna video ya mtu anacheza, nataka shati lake tu libadilike rangi, yeye abaki alivyo. Shati ni jekundu. Nikichagua nyekundu na kuizungusha, midomo na mashavu yanageuka kijani pamoja na shati.

#10 Mleta uzi

Hapo umekutana na rangi ngumu kuliko zote. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, pembe yake iko kwenye eneo la chungwa, jirani kabisa na nyekundu. Midomo ndiyo inaingia kwenye nyekundu yenyewe. Kuchagua kwa rangi peke yake hakutakutosha. Hiyo ndiyo sababu watu wa filamu wanatumia pazia la kijani au la buluu, rangi zilizo mbali na ngozi.

Unganisha vitu viwili. Chora maski inayolizunguka shati kwa ulegevu, iwe na kingo laini, na uifanye imfuate mchezaji kwa kifuatiliaji cha programu. Ndani ya maski hiyo ndipo uchague nyekundu. Uso uko nje ya maski, kwa hiyo uko salama hata uchaguzi wa rangi ukiwa mpana. Kwenye Resolve hayo yote yanakaa kwenye nodi moja: dirisha, kifuatiliaji, kichaguzi, na Hue yenye vifremu. Kwenye After Effects efekti ya Change Color ina Hue Transform unayoihuisha, na Matching Tolerance pamoja na Matching Softness za kupanua na kulainisha uchaguzi.

Kagua mikono hasa inapopita mbele ya kifua. Hapo maski haisaidii, inabidi uchaguzi wa rangi uwe umebana. Na kama bado hamjarekodi kazi nyingine, mvalisheni kijani au buluu, kazi yote hii inapungua.

#11

Nimefurahia uzi, ila nina neno tofauti kidogo na mleta uzi. Mimi siamini sana kitelezi cha Hue. Nachagua rangi nne au tano kwa jicho langu, zenye mwangaza unaokaribiana, naziweka kama vifremu vya rangi kwenye leya ya rangi moja, programu inajaza katikati. Nina mamlaka kamili juu ya kila rangi itakayoonekana, na chapa ya mteja haitoki nje ya rangi zake. Kwa nini nizungushe gurudumu ambalo nusu ya rangi zake sizitaki?

#12 Mleta uzi

Nakubaliana nawe kwa kazi za chapa, tena kwa asilimia zote. Tahadhari moja tu kwa wanaotaka kukufuata. Programu ikijaza katikati ya rangi mbili kwa kuchanganya namba za RGB (nyekundu, kijani, buluu, kila moja 0 hadi 255), rangi zinazotazamana kwenye gurudumu zinapitia kijivu. Chukua nyekundu, 255, 0, 0. Chukua samawati, 0, 255, 255. Katikati yake kila namba ni 127 na nusu: kijivu kitupu. Mtazamaji anaona rangi inakufa katikati ya safari kisha inafufuka. Buluu na njano vivyo hivyo. Ama uchague rangi jirani zisizozidi theluthi ya mduara, ama uweke kifremu cha katikati chenye rangi hai, kwa mfano zambarau kati ya nyekundu na samawati.

Na kwa wanaotaka rangi zenye mwangaza unaokaribiana bila kukisia, kuna mfumo wa Oklab ambao Björn Ottosson aliutoa mwaka 2020. Umepangwa ili namba ya mwangaza ifuate jicho linavyoona. Hata kama programu yako ya video haina, vichagua rangi vya kwenye intaneti vyenye OKLCH, yaani Oklab iliyoandikwa kwa mwangaza, ukolezi na pembe, vipo. Funga mwangaza kwenye 0.7, badilisha pembe tu, nakili namba za rangi unazozipata. Palipo na ukolezi usiowezekana kwenye skrini, punguza ukolezi, mwangaza usiuguse.

#13

Je, kufuatisha na muziki? Nataka kila mdundo rangi iruke.

#14 Mleta uzi

Anza na hesabu ya mwendo. Muziki wa midundo 120 kwa dakika una mdundo kila nusu sekunde. Kwenye video ya fremu 30 hiyo ni fremu 15, kwenye ya fremu 24 ni fremu 12. Kwenye ya fremu 25 ni 12 na nusu, kwa hiyo kila mdundo wa pili utakosa fremu yake kidogo. Ukipanga mradi mpya kwa wimbo kama huo, chagua 24 au 30.

After Effects ina amri ya Convert Audio to Keyframes, inatengeneza leya ya Audio Amplitude inayopanda na kushuka na sauti. Wengi wanaifunga moja kwa moja kwenye Hue. Sipendi matokeo yake, kwa sababu sauti ikishuka rangi inarudi ilikotoka, inatetemeka tu pale pale. Hue iache izunguke polepole kwa mwendo wake, sauti ifunge kwenye ukolezi au mng'ao. Mdundo unasikika kwenye picha, rangi inaendelea na safari.

Na hili naliomba kwa uzito wote: msiruhusu rangi ziwake na kuzimika haraka. Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, katuni ya televisheni ilionyesha nyekundu na buluu zikipishana takriban mara 12 kwa sekunde, na mamia ya watazamaji, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali. Miongozo ya WCAG ya maudhui ya mtandaoni inataka mwako usizidi mara tatu ndani ya sekunde moja, na nyekundu iliyokolea ina sharti lake la peke yake. Kwa midundo 120 kuruka mara mbili kwa sekunde bado uko ndani. Ukianza kuruka kwenye nusu za midundo, umetoka. Hujui nani anatazama video yako.

#15

Nimefuata kila kitu, kwenye programu inaonekana safi kabisa. Nikitoa faili, mandhari yanaonyesha ngazi ngazi za rangi badala ya kuingiliana taratibu, na maandishi mekundu juu ya buluu yana ukungu pembeni. Nimeongeza ubora wa faili, bado.

#16

Ni mambo mawili tofauti mkuu. Ngazi zinatokana na biti 8: kila mkondo wa rangi una viwango 256 tu, na mandhari yanayobadilika taratibu kwenye skrini pana yanamaliza viwango hivyo haraka. Biti 10 zina 1024. Kama mtandao unaopakia unakubali biti 10, toa hivyo. Kama haukubali, fanyia kazi mradi kwa biti 16, kisha ongeza chengachenga kidogo sana juu ya mandhari kabla ya kutoa. Zinavunja ule mpaka wa ngazi na jicho halizioni zenyewe.

Ukungu wa maandishi ni 4:2:0. Video nyingi za mtandaoni zinahifadhi mwangaza kwa kila pikseli, lakini rangi inahifadhiwa mara moja kwa kila pikseli nne. Nyekundu na buluu zinatofautiana zaidi kwa rangi kuliko kwa mwangaza, kwa hiyo ukingo wa herufi unakosa kitu cha kushikilia. Ubora wa faili hata uupandishe vipi hautalirudisha.

#17 Mleta uzi

Asante #16. Basi, mkuu wa #15, mandhari ya buluu yashushe mwangaza zaidi na maandishi uyapandishe, au weka ukingo mwembamba mweusi kuzunguka herufi. Ukingo huo ni mwangaza, kwa hiyo unahifadhiwa pikseli kwa pikseli.

Na kwa yeyote anayetaka kuonja mzunguko usiogusa mwangaza bila kufungua programu kubwa, FFmpeg inatosha kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i ingizo.mp4 -vf "hue=h=36*t" -c:a copy tokeo.mp4

Herufi h ni nyuzi, t ni sekunde. Ukiandika h=20*sin(2*PI*t/8) itayumba 20° kila upande kwa sekunde 8. Mkuu wa #15, weka hapa picha moja ya fremu baada ya kuongeza ukingo mweusi tuikague kingo zake pamoja.